Kiraka cha Zamani, Toleo Jipya: Kwa Nini Mfumo Huyumba Baada ya Kusasishwa

"Mfumo unasumbua, mama. Wanaufanyia maboresho." Ukiishi Dar es Salaam umeshaambiwa maneno haya zaidi ya mara moja, tena dirishani, baada ya kupanga foleni tangu saa mbili asubuhi na bahasha ya karatasi mkononi. Na kwenye foleni hiyo hakosekani mtu wa kusema kwa sauti: "Juzi tu ulikuwa unafanya kazi vizuri. Wameusasisha, wameuharibu."

Nimetunza mifumo ya kompyuta jijini humu kwa miaka kadhaa, na kauli hiyo hunigusa kila ninapoisikia, kwa sababu mlalamikaji anaukaribia sana ukweli. Ameona sawasawa kwamba tatizo limeingia pamoja na usasishaji. Asichokiona, na ambacho hata wakuu wengi wa ofisi hawakioni, ni viraka: marekebisho madogo madogo ambayo mafundi waliyashona juu ya programu ili ifae mahitaji ya hapa, na ambayo toleo jipya likija yanatakiwa yahamishwe nalo. Kwenye kuhama huko ndiko mambo mengi huharibika.

Tuanze na maneno yenyewe, maana yanachanganywa kila siku.

Kifurushi ninachokizungumzia si kile cha intaneti unachonunua kwa simu kwa wiki au mwezi. Kifurushi cha programu ni mkusanyiko wa mafaili yanayofanya kazi moja pamoja: mfumo wa ada za shule, mfumo wa mafaili ya wagonjwa, programu ya kuendesha tovuti. Vingi tunavyovitumia ni vya chanzo huria, yaani yeyote anaruhusiwa kusoma ndani yake na kubadili. Wizara ya Afya, kwa mfano, hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa DHIS2, programu ya chanzo huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi.

Msimbo chanzo ni maandishi ambayo mtaalamu ameyaandika kuieleza kompyuta ifanye nini. Mafundi wengi husema "kodi", lakini kwa kuwa neno hilo watu wanalijua kwa TRA na kwa mwenye nyumba, nitabaki na msimbo. Toleo ni msimbo huo kama ulivyotolewa kwa umma siku fulani, ukapewa namba.

Halafu kuna kiraka. Wengi hudhani kiraka ni kipande cha programu kinachogandishwa juu ya programu nyingine. Sivyo. Kiraka ni karatasi ya maelekezo. Kinasema: fungua faili fulani, nenda karibu na mstari fulani, toa mstari huu, weka huu mahali pake. Kiraka chenyewe hakiendeshi chochote, kama vile karatasi aliyoandikiwa fundi cherehani, "punguza vidole vitatu chini ya mfuko", isivyokuwa kitambaa.

Neno lenyewe lina historia inayoshikika mkononi. Zamani programu zilitobolewa matundu kwenye kadi na tepu za karatasi, na fundi akikosea tundu, alikata kipande cha karatasi akakigandisha juu yake. Kilikuwa kiraka kweli. Mwaka 1974 Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliokuwa ukitengenezwa Bell Labs, Marekani, ulitolewa ukiwa na programu iitwayo diff, ambayo kazi yake ni kulinganisha mafaili mawili na kuandika tofauti zake. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye baadaye aliitengeneza lugha ya Perl, akatoa programu aliyoiita patch: unaipa maandishi ya tofauti, yenyewe inakwenda kuyatekeleza kwenye faili. Badala ya kutumiana programu nzima, watu wakaanza kutumiana tofauti tu. Kwa mtandao wa miaka ile, uliokuwa wa polepole na wa gharama, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hiki hapa ni kiraka, nimekiandika kwa Kiswahili ili kila mtu akisome:

    namba = soma_simu(mzazi)
  - tuma_meseji(namba, ujumbe)
  + tuma_meseji("255" + toa_tarakimu_ya_kwanza(namba), ujumbe)
    andika_kumbukumbu(mzazi)

Mstari wenye alama ya kutoa unaondoka, wenye alama ya kujumlisha unaingia. Mistari miwili isiyo na alama haiguswi. Imewekwa pale kama alama za njia, ili programu ya patch ijue imefika mahali penyewe. Kwa kawaida huwa mitatu juu na mitatu chini. Hapa nimeweka mmoja mmoja ili nisikuchoshe. Mistari hii isiyo na alama ndiyo yenye siri ya jambo zima.

Fikiria unavyomwelekeza mgeni wako kutoka Mwanza. Mtaani kwetu ni wachache wanaotumia namba za nyumba. Mwaka 2019 ungemwambia: "Shuka stendi ya mkoa Ubungo, toka geti kubwa, chukua bodaboda, mwambie akulete kwa Mangi. Ukipita duka la Mangi hesabu nyumba tatu, utaona mwembe, geti la bluu lililo kabla ya mwembe ndiyo kwetu." Maelekezo hayo ni kiraka. Mangi na mwembe ni mistari isiyo na alama. Geti la bluu ndipo kazi inapofanyika.

Mgeni mwingine akaja baadaye na maelekezo yaleyale. Katikati ya duka na mwembe mtu amejenga fremu mpya, kwa hiyo nyumba yako sasa ni ya nne. Mgeni anahesabu tatu, haoni geti la bluu, anasogea hatua chache mbele, anakuta geti, mwembe upo. Amefika. Programu ya patch hufanya hivyohivyo: mistari ikiwa imesogea juu au chini, inaitafuta, ikiipata inabandika kiraka na kukuambia kwamba imekuta mahali hapo mistari kadhaa mbele au nyuma ya palipoandikwa. Mara nyingi hakuna ubaya.

Wa tatu anakuta mwembe umekatwa. Duka la Mangi lipo, geti la bluu lipo. Anakisia, anagonga. Programu ya patch nayo ina ruhusa ya kukisia. Ikikosa alama za pembeni kabisa, inaweza kupuuza mstari mmoja juu na mmoja chini, ikishindwa inapuuza miwili miwili, na kwa mpangilio wake wa kawaida inaishia hapo. Ikifanikiwa kwa makisio hayo itakuambia, kwa sentensi fupi ambayo ni rahisi kuipita bila kuisoma. Debian, mojawapo ya jamii kubwa zinazosambaza Linux, mfumo wa chanzo huria wa kuendeshea kompyuta, wameona hatari ya makisio haya, na chombo chao cha kufungua vifurushi hukataa kabisa kiraka kinachohitaji kukisia. Nadhani wako sahihi.

Wa nne anakuja baada ya Februari 2021. Mabasi ya mikoani hayaishii tena Ubungo, yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na pale Ubungo palipokuwa na mataa pamesimama daraja la juu la Kijazi. Mgeni wako yuko Mbezi Luis anatafuta geti kubwa la Ubungo. Hapati hata alama moja. Kwa kompyuta, hiki ni kiraka kilichokataliwa: programu inasema imeshindwa, na kipande kilichoshindikana inakihifadhi kwenye faili lenye mwisho wa .rej. Mafundi wengi hukichukia kipande hicho. Mimi nimejifunza kukishukuru, maana angalau mgeni amepiga simu kusema amepotea.

Kuna mgeni wa tano, na huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Maelekezo yake yote ni sahihi. Mangi yupo, mwembe upo, geti la bluu lipo. Anagonga, anafunguliwa, anakaribishwa ndani. Ila wewe umehama tangu mwaka jana, na waliomo humo ni watu wengine.

Yalinikuta. Shule moja ya binafsi ilikuwa inatumia kifurushi cha chanzo huria kusimamia ada, na mfumo ulikuwa unawatumia wazazi meseji. Wazazi huandikisha namba kama tunavyoziandika sote, zikianza na 07 au 06, lakini mtandao wa kutuma meseji unataka zianze na 255. Fundi aliyenitangulia alitengeneza kile kiraka ulichokisoma hapo juu: toa sifuri ya mbele, weka 255. Kilifanya kazi miaka mitatu bila mtu kukikumbuka.

Likaja toleo jipya. Nikachukua viraka vyote, vilikuwa kumi na kimoja, nikavibandika kwa mpigo. Viwili vilikataliwa, nikashughulika navyo mpaka saa sita usiku. Tisa vilibandika bila kelele, na sikuvitazama. Asubuhi mfumo ukafunguka vizuri, kurasa zote zipo, nikaenda nyumbani.

Siku ya pili mhasibu akanipigia. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Wazazi wanalalamika hawapati meseji, na huku kwenye mfumo inaonyesha zimetumwa." Nikafungua kumbukumbu. Kila namba ilikuwa inaanza na 255557 au 255556.

Watengenezaji wa programu, kwenye toleo lao jipya, walikuwa wameongeza mpangilio wa nchi: ukichagua Tanzania, ile kazi ya soma_simu yenyewe inakupa namba ikiwa tayari na 255. Mabadiliko yao yalikuwa kwenye faili jingine kabisa. Mistari mitatu ambayo kiraka chetu huitafuta haikuguswa hata herufi. Kwa hiyo kiraka kilifika kwenye geti la bluu, kikaikuta, tuseme, namba inayoanza na 2557, kikakata tarakimu ya kwanza kikidhani ni sifuri, kikaongeza 255 mbele ya 557. Wazazi mia kadhaa hawakujua tarehe ya mwisho ya ada. Wapo ambao watoto wao walirudishwa nyumbani asubuhi ya mtihani kwa deni ambalo wangelilipa kama wangelijua. Hilo sijalisahau.

Mtu akisema kiraka kikibandika bila kelele basi kazi imekwisha, namsimulia kisa hiki. Kompyuta inaweza kuthibitisha kwamba maneno yamekaa mahali pake, lakini haiwezi kukuambia kama bado yana maana ileile. Kujua maana ni kazi ya mtu, na mtu huyo hawezi kuifanya kama hajui kiraka kilikuwa cha nini.

Ndiyo sababu siku hizi siku ya kusasisha siianzi kwenye toleo jipya, naianzia kwenye la zamani. Kwanza natafuta viraka vyenyewe, maana ofisi nyingi hazina orodha. Mtu aliingia usiku moja kwa moja kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, akabadili mstari, tatizo likaisha, akaondoka, na leo yuko kazi nyingine. Dawa yake ni kushusha nakala safi ya toleo lilelile la zamani, kama lilivyotoka kwa watengenezaji, na kulilinganisha na lililoko kwenye seva kwa kutumia diff. Hapa kuna kosa linalofanywa sana: watu hulinganisha seva yao na toleo jipya. Utapata maelfu ya mistari, mabadiliko yako na yao yamechanganyika kama mchele na kokoto, na huwezi kuyapambanua. Ukilinganisha na toleo lile la zamani, tofauti zote zitakazoonekana ni zenu. Kwenye shule ile ndipo nilipogundua kiraka cha kumi na mbili ambacho hakikuwa kwenye folda yoyote.

Kisha kila kiraka nakiuliza kilikuja kutatua nini. Swali hili linachukua muda kuliko kazi yote iliyobaki, na ndipo msimamizi wa ofisi huanza kuuliza kwa nini "kuapdeti" kunachukua wiki nzima. Wakati mwingine jibu analo mhasibu, au mlinzi wa maabara aliyekuwepo siku hiyo, au barua pepe ya miaka minne iliyopita. Jibu likipatikana, njia ya kiraka hujionyesha. Kama watengenezaji wamekwisha kulitatua tatizo hilo kwenye toleo jipya, kiraka kinatupwa, na kutupa kiraka ni furaha. Programu ya patch yenyewe huweza kukushtua hapa: ikikuta mabadiliko yale yale yameshafanyika, inakuuliza kama ungependa kuyageuza. Ukiona swali hilo usibonyeze ndiyo kwa mazoea, utaondoa marekebisho halali ya toleo jipya.

Kama tatizo bado lipo na mahali ni palepale, pamesogea tu, kiraka kinaandikwa upya ili alama zake za njia zilingane na msimbo wa sasa. Ni kazi ya dakika chache, lakini ikirukwa, makisio ya leo yanakuwa makubwa zaidi mwakani, na siku moja mgeni atagonga geti lisilo lake. Na kama tatizo lipo lakini watengenezaji wamevunja chumba chote wakajenga kingine, usijaribu kuilazimisha mistari ya zamani. Weka kiraka pembeni, chukua kusudi lake, andika kingine.

Viraka vikiwa vingi huwa na mpangilio, kwa sababu cha tatu kinaweza kusimama juu ya cha pili. Ukikiondoa cha pili, cha tatu kinaning'inia. Ndiyo maana kuvibandika vyote kwa mpigo, kama nilivyofanya usiku ule, ni kujitakia shida. Kipo chombo kinachoitwa quilt kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa: kinashika foleni ya viraka kwenye faili moja, unabandika kimoja, unakitazama, unakirekebisha, unakihifadhi upya, ndipo unakwenda kwenye kinachofuata. Wanaotumia Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, wana faida nyingine. Ukiwa na nakala mbili zinazotofautiana, yako na mpya, huwezi kujua nani kabadili nini. Git inakumbuka na ya tatu, ile ya asili ambayo nyote wawili mlitokea, kwa hiyo inaweza kusema: mstari huu umebadilishwa na wewe, huu na wao, na huu mmeugusa wote wawili, kaeni muamue. Hilo la mwisho ndilo mafundi huliita mgongano. Usiogope mgongano. Ni pale tu chombo kinapokiri kwamba uamuzi ni wako.

Baada ya kila kiraka jaribu lile jambo ambalo kiraka kililetwa kulifanya. Ukurasa kufunguka si jaribio. Kama kiraka ni cha meseji, tuma meseji kwenye simu yako, ya mhasibu, na ya mtu wa mtandao mwingine, kisha subiri ziingie. Na ufanyie kazi hiyo kwenye nakala ya mfumo. Usiifanyie kwenye mfumo wenyewe wiki ya kufungua shule Januari.

Wapo wanaosema haya yote ni mahangaiko ya bure: kama toleo la zamani linafanya kazi, liache. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu inatokana na maumivu. Lakini toleo la zamani halisimami mahali pamoja, dunia iliyolizunguka inasogea. Mifumo mingi ya tovuti iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP ikitumia zile amri za kale za kuzungumza na hifadhidata zinazoanza na mysql_. Watengenezaji wa PHP walitoa onyo kuhusu amri hizo kwenye toleo 5.5 mwaka 2013, wakaziondoa kabisa kwenye toleo 7.0 mwishoni mwa 2015, na toleo 5.6, la mwisho lililozikubali, likaacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Aliyebaki nyuma alibaki na mlango usio na fundi wa kitasa. Kampuni ya Marekani ya Equifax ilichelewa kusasisha kifurushi kiitwacho Apache Struts, ambacho marekebisho yake yalitolewa Machi 2017. Kuanzia Mei mwaka huohuo wavamizi waliingia, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikavuja.

Mfano wa nyumbani ni LUKU. Mita nyingi zilikuwa zinafanya kazi bila tatizo mwaka 2024 pale TANESCO ilipowataka wateja waingize namba za ziada, na watu wengi walidhani ni mradi wa kuwatoza. Namba za umeme za mita za aina hiyo, duniani kote, hubeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Mita isiyosasishwa isingekubali tena namba mpya za umeme. Ilikuwa nzima, lakini wakati wake ulikuwa unakwisha.

Kuna upande wa pili nisioweza kuuacha, kwa sababu mafundi wenzangu hupenda kuamini kwamba kiraka chetu daima ni bora kuliko msimbo wa asili. Septemba 2006, Debian waliweka kiraka chao wenyewe kwenye OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano. Chombo cha kukagua kilikuwa kinalalamikia mstari mmoja wa msimbo. Mstari wa namna ileile ulikuwa mahali pawili kwenye faili. Mahali pamoja kuuondoa kusingedhuru. Pale pengine ndipo programu ilipokuwa inapata namba za kubahatisha zinazofanya kila ufunguo usiweze kukisiwa. Kiraka kiliondoa yote miwili. Programu haikulalamika tena, ikaendelea kutengeneza funguo zilizoonekana za kawaida kabisa, na kiraka kikabebwa toleo baada ya toleo mpaka Mei 13, 2008 tatizo lilipotangazwa, baada ya Luciano Bello kuligundua. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, funguo zilizowezekana zilikuwa kama 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote. Ubuntu na wengine waliochukua vifurushi kutoka Debian waliathirika pia. Karibu miaka miwili, kiraka kilichobandika bila kelele.

Nikisoma kisa hicho huwa nafikiria Ruvu. Maji mengi ya jiji hili hutoka mto huo, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Maji yakichafuka kwenye chanzo, kila nyumba kuanzia Kimara mpaka Temeke inaweza kuchemsha na kuchuja ndoo yake, lakini kazi hiyo itarudiwa kesho na keshokutwa. Kiraka unachokificha kwenye seva yako ni kuchuja ndoo. Ukikipeleka kwa watengenezaji wa programu, wakakikagua na kukikubali, umesafisha mtoni. Toleo lijalo linakuja nacho ndani, huna cha kuhamisha, na jicho la mtu anayeujua msimbo huo limekipitia. Wengi wetu hatupeleki. Tunaona aibu ya Kiingereza chetu, au tunadhani shida ya namba za 07 haiwahusu watu wa mbali. Wale waliotengeneza mpangilio wa nchi kwenye mfumo wa shule yangu waliufanya baada ya mtu wa nchi nyingine kuwaandikia kwamba namba zao zinaanza na sifuri na meseji hazifiki. Shida ilikuwa yetu sote, na yeye ndiye aliyesema.

Viraka vya shule ile sasa vimebaki vinne. Vitano vilitupwa kwa sababu toleo jipya lilikuwa limeshayatatua matatizo yake. Viwili vilipokelewa na watengenezaji, na kimoja, kile cha kumi na mbili, kilikuwa cha kuficha kosa la tahajia ambalo hakuna aliyelikumbuka. Juu ya kila kimoja cha vinne vilivyobaki kuna mistari michache ya maelezo, desturi niliyoiiga kwa watu wa Debian: kinafanya nini, kimetoka kwa nani, kimepelekwa kwa watengenezaji au bado, na kilitazamwa lini mara ya mwisho. Nimeongeza mstari mmoja wa kwangu, unaosema kiondolewe lini. Kwenye kiraka cha risiti za ada mstari huo unasomeka: "Kitoke pale mfumo utakapoweza kuandika kiasi kwa maneno ya Kiswahili. Muulize mhasibu kabla ya kukigusa." Mhasibu mwenyewe ndiye aliyenisomea maneno hayo nikayaandika.